Dakika Kumi za Kunawa

Uamuzi wa tatu niliouandika nikiwa mwamuzi wa migogoro ya kazi ulikuwa na kurasa kumi na mbili, tanbihi nyingi, na kosa moja ambalo sikulitambua mpaka miaka kadhaa ilipopita. Shauri lenyewe lilihusu dakika kumi. Katika kiwanda kimoja cha kupaka rangi vipuri vya chuma, nyapara wa zamu alikuwa akipiga kengele dakika kumi kabla ya muda wa kutoka, na wafanyakazi wa kitengo cha rangi wakaacha mashine, wakaenda kwenye masinki, wakasugua mikono kwa sabuni yenye chembechembe mpaka rangi itoke kwenye kucha, kisha wakapanga foleni ya kugonga kadi. Desturi hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Meneja mpya alipokuja aliuliza ni kifungu gani cha mkataba kinachoruhusu watu kulipwa kwa kunawa mikono, akajibiwa kwamba hakipo, naye akapiga marufuku ile kengele. Chama cha wafanyakazi kilileta malalamiko, malalamiko yakapanda ngazi zote za ndani ya kiwanda bila kupata ufumbuzi, na mwisho yakaletwa kwangu.

Mkataba wa hali bora, yaani ule ambao mwajiri na chama cha wafanyakazi hufunga kwa niaba ya wafanyakazi wote, ulisema kwamba zamu ni "saa nane za kazi". Kifungu kingine kiliuachia uongozi haki ya kupanga na kusimamia kazi. Nilivisoma vifungu hivyo viwili kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu kusoma mkataba wa kukodi ghala, nikaona kwamba kunawa si kazi, kwamba kimya cha mkataba hakiwezi kuzaa haki, na kwamba ukarimu wa nyapara, hata ukidumu miaka mingapi, unabaki kuwa ukarimu. Nikayatupa malalamiko. Nilijivunia uamuzi ule kwa sababu ulikuwa umenyooka, na hakuna aliyeweza kunionyesha mstari ambao haukufuata mstari uliotangulia.

Kazi yangu ya kila siku ni kufundisha sheria ya biashara katika chuo kikuu nchini Marekani: mikataba, mauzo ya bidhaa, uwakala, ubia, kampuni. Katika uamuzi wa migogoro ya kazi niliingia kwa mlango wa uani, baada ya mwamuzi mkongwe aliyekuwa akifundisha katika idara yetu kunichukua kama msaidizi wake, na kwa miaka miwili nikawa nakaa pembeni ya meza yake katika mashauri, nikiandika kumbukumbu, nikitayarisha rasimu ambazo alizirudisha zikiwa zimejaa wino mwekundu. Alipoona nimeiva, alinisaidia kuomba niingizwe katika orodha ya waamuzi. Tangu hapo nimeishi maisha mawili, ya darasani na ya chumba cha mashauri, na sehemu kubwa ya ninachotaka kueleza hapa ni jinsi nilivyochelewa kuyaunganisha.

Kiswahili kinatusaidia kutenganisha mambo ambayo watu huyachanganya. Msuluhishi huwakutanisha wenye mgogoro na kuwasaidia wafikie mapatano yao wenyewe. Hana mamlaka ya kumlazimisha yeyote. Mwamuzi husikiliza ushahidi, hupokea vielelezo, husikiliza maswali ya udodosaji, kisha huandika uamuzi ambao pande zote mbili zimekubali tangu mwanzo kwamba utawafunga. Mamlaka yake hayatoki serikalini wala mahakamani. Yanatoka katika mkataba wa hali bora, ambamo mwajiri na chama wameandika kwamba malalamiko yakishindikana ndani ya kiwanda yatapelekwa kwa mtu wa nje waliyemchagua wote wawili. Aghalabu wanaomba orodha ya majina saba kutoka idara ya serikali kuu inayoshughulikia usuluhishi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1947, kisha kila upande unakata jina moja kwa zamu mpaka libaki moja. Aliyebaki ndiye mwamuzi. Kwa hiyo kila shauri ninalopewa limetanguliwa na watu wawili walioketi na kalamu, wakiwauliza wenzao kwa simu kama mimi ni mtu wa kusikiliza.

Maprofesa tuliingiaje humu? Jibu liko katika vita. Januari 1942, mwezi mmoja baada ya Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Pili, iliundwa Bodi ya Taifa ya Kazi ya Wakati wa Vita, kwa makubaliano kwamba hakutakuwa na migomo wala waajiri kufungia wafanyakazi nje mpaka vita viishe. Migogoro haikuisha kwa sababu hiyo. Ilihitaji tu mahali pengine pa kwenda, na Bodi ikawategemea walimu wengi wa vyuo, wanasheria na wachumi, kuisikiliza kwa maelfu. George Taylor wa shule ya biashara ya Wharton, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwamuzi wa kudumu kati ya General Motors na chama cha wafanyakazi wa magari, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Harry Shulman wa Chuo Kikuu cha Yale aliamua migogoro ya Ford kuanzia mwaka 1943, na ndiye aliyeeleza kwa ufasaha kanuni ambayo mpaka leo kila mwamuzi huitumia: mfanyakazi akipewa amri anayoiona kuwa inavunja mkataba, aitii kwanza kisha alalamike, isipokuwa pale utii utakapomtia hatarini, kwa sababu kiwanda hakiwezi kusimama kila mara watu wawili wanapotofautiana juu ya maana ya kifungu. Bodi ilipovunjwa mwishoni mwa mwaka 1945, watu waliofunzwa ndani yake walirudi vyuoni wakiwa na ufundi mpya, na mwaka 1947 baadhi yao walianzisha Akademia ya Taifa ya Waamuzi.

Ipo sababu nyingine iliyotufaa sisi walimu, nayo ni mshahara. Ada ya mwamuzi hulipwa kwa siku, na kwa kawaida mwajiri na chama hugawana nusu kwa nusu, ili asiwe wa yeyote. Lakini kugawana ada hakuondoi hatari, maana mtu anayeishi kwa ada hizo peke yake anajua kwamba akiuudhi upande mmoja mara mbili tatu, kalamu zitaanza kukata jina lake. Mimi nikikatwa, nina darasa Jumatatu asubuhi na mshahara mwisho wa mwezi. Sisemi kwamba waamuzi wasio walimu hawana ujasiri. Nimewafahamu wengi wenye ujasiri kunishinda. Nasema kwamba mimi nimepewa uhuru wangu na mwajiri mwingine, na kwa hiyo sina udhuru wa kuogopa.

Ninapotaka wanafunzi waone maana ya uhuru huo, huwasimulia habari ya Peter Seitz. Mwaka 1975 alikuwa mwamuzi wa kudumu wa besiboli ya kulipwa. Mkataba wa kawaida wa mchezaji ulisema kwamba kama mchezaji na klabu hawakuelewana juu ya mkataba mpya, klabu ina haki ya kuuhuisha ule wa zamani kwa mwaka mmoja kwa masharti yaleyale. Klabu zilidai kwamba katika "masharti yaleyale" limo hata sharti lenyewe la kuhuisha, kwa hiyo mwaka mmoja huzaa mwingine, na mchezaji hafunguki kamwe. Andy Messersmith na Dave McNally walicheza bila kusaini mkataba mpya, na chama chao kikadai kwamba mwaka umekwisha na wako huru. Seitz aliwasihi wamiliki na chama wakae wazungumze wenyewe kabla hajaandika. Hawakukubaliana. Tarehe 23 Desemba 1975 akaamua kwamba mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Siku hiyohiyo wamiliki wa klabu wakamwachisha kazi, kama mkataba ulivyowaruhusu, na mwaka uliofuata mahakama za shirikisho zikakataa kuutengua uamuzi wake. Namheshimu si kwa sababu wachezaji walishinda. Namheshimu kwa sababu alijua kalamu iko mkononi mwa nani na bado akaandika alichokiona katika maneno yaliyokuwa mbele yake.

Sasa nirudi kwenye masinki. Maneno yaliyokuwa mbele yangu mimi niliyasoma vibaya, na nilikuwa na kila nyenzo ya kuyasoma vizuri.

Miezi ileile niliyoandika uamuzi wa kengele nilikuwa nafundisha sheria ya mauzo ya bidhaa. Sheria hiyo, ambayo mtayarishaji wake mkuu alikuwa Karl Llewellyn na ambayo jimbo la Pennsylvania lilikuwa la kwanza kuipitisha mwaka 1953, ina wazo moja ninalolipenda kuliko mengine yote. Inasema kwamba mkataba wa wafanyabiashara hausomwi kwa kamusi peke yake. Husomwa pamoja na desturi za biashara yao, na jinsi walivyoshughulikiana katika mikataba iliyopita, na jinsi walivyoutekeleza mkataba uleule baada ya kuusaini. Muuzaji akileta shehena ya mbao ambazo zimepunguka vipimo kidogo kila mwezi kwa miaka mitano, na mnunuzi akazipokea na kulipa bila neno, basi siku mnunuzi atakaposimama na rula kudai vipimo kamili, jaji atauliza kwanza: nyinyi wawili mlikuwa mkielewa nini neno "vipimo" siku zote hizi? Vitendo vyao ni ushahidi wa maana ya maneno yao, na mara nyingi ni ushahidi bora kuliko kumbukumbu za yeyote.

Nilikuwa katikati ya somo hilo, miaka minne baada ya uamuzi wangu, mwanafunzi mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani kabla ya kuja chuoni akanyoosha mkono. "Profesa," aliuliza, "na wafanyakazi je? Wao vitendo vyao havihesabiki?" Nilifungua kinywa nimjibu kwamba hilo ni somo jingine, na sikuweza kulimaliza jibu. Wauza mbao niliwapa heshima ambayo wapaka rangi niliwanyima. Miaka kumi na tisa pande mbili ziliishi chini ya maneno "saa nane za kazi", zikayahuisha maneno hayo katika mazungumzo ya mkataba mara kadhaa, na wakati wote huo kengele ililia na mishahara ikalipwa kamili. Aliyeipiga kengele hakuwa mfanyakazi mkarimu. Alikuwa nyapara, yaani wakala wa mwajiri, na sheria ya uwakala ni somo jingine ninalolifundisha kila mwaka.

Kilichonitia uchungu zaidi ni kwamba sikuhitaji hata kuazima kanuni kutoka kwa wafanyabiashara. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kulisema jambo hili waziwazi. Tarehe 20 Juni 1960, katika mashauri matatu yaliyoletwa na chama cha wafanyakazi wa chuma, Jaji William O. Douglas aliandika kwamba mkataba wa hali bora ni zaidi ya mkataba wa kawaida, kwamba unatawala mahusiano ambayo hakuna mwandishi awezaye kuyaandika yote, na kwamba desturi za kiwanda na za sekta ni sehemu ya mkataba huo hata kama hazikuandikwa ndani yake. Niliyasoma mashauri hayo matatu nikiwa msaidizi. Niliyanukuu katika tanbihi za uamuzi wenyewe. Niliyatumia kueleza mamlaka yangu, nikasahau kuyatumia kueleza mkataba.

Katika mashauri hayohayo mahakama ilijifunga mikono. Ilisema kwamba madhali uamuzi unachota kiini chake katika mkataba wa hali bora, jaji hatauliza kama mwamuzi alikosea. Mwaka 1987, katika shauri la kampuni ya karatasi ya Misco, ikalikazia jambo hilo: hata jaji akiamini kwamba mwamuzi amekosea sana, hiyo peke yake si sababu ya kuutengua uamuzi. Nadhani kanuni hiyo ni sahihi, maana watu walikubaliana kuisikia sauti ya mwamuzi na si ya jaji, na kila rufaa ni mwaka mwingine wa mtu kukaa nyumbani bila kazi. Lakini maana yake kwangu ni hii: wale wapaka rangi hawakuwa na pa kwenda. Jaji wa chini akikosea ana wa juu yake. Mimi nikikosea, kosa langu ndilo sheria ya kiwanda kile mpaka mkataba ubadilishwe.

Lazima niseme pia kwamba si kila mazoea huwa haki. Mazoea yanayohesabika ni yale yaliyo wazi, yasiyobadilikabadilika, yaliyodumu, ambayo pande zote mbili ziliyajua na kuyakubali kama namna yao ya kuishi. Na pale mkataba unaposema jambo kwa lugha isiyo na shaka, mazoea hayawezi kulifuta. Kama mkataba ule ungesema kwamba kunawa hakulipwi, uamuzi wangu ungekuwa sawa. Haukusema hivyo. Ulisema "kazi", na neno hilo katika kitengo cha rangi lilikuwa na maana ambayo mimi, niliyekuja na viatu vilivyong'aa na kukaa katika chumba cha mikutano cha hoteli, sikwenda kuitafuta.

Nilimwendea yule mkongwe, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, nikamweleza. Aliusoma uamuzi wangu wote, polepole, mpaka tanbihi ya mwisho. Kisha akaniuliza: "Mkataba umeusoma. Kiwanda ulikisoma lini?"

Tangu siku hiyo, kila shauri linalohusu namna kazi inavyofanyika, naomba kwenda kuiona kazi yenyewe, pande zote mbili zikiwepo, na sitaki kuelezwa sana. Nataka kusimama na kutazama. Nimesimama katika jiko la hospitali usiku na katika chumba baridi cha machinjio. Yapo mashauri ambayo ziara hazikubadilisha chochote. Yapo mengine ambayo nusu saa ya kutazama ilifuta siku mbili za hoja.

Jicho hilo hilo nimejifunza kulitumia hata kwa karatasi. Mashauri mengi ninayosikiliza ni ya watu waliofukuzwa kazi, na hapa msomaji anapaswa kujua kwamba nchini Marekani, isipokuwa jimbo la Montana, mwajiri kwa kawaida anaweza kumwachisha mtu kazi kwa sababu yoyote au bila sababu, almuradi isiwe sababu iliyokatazwa na sheria. Wenye mkataba wa hali bora ndio wanaolindwa na maneno mawili matatu yanayosema kwamba hawatafukuzwa bila sababu ya haki. Wao ni wachache. Mwaka 2024 wanachama wa vyama vya wafanyakazi walikuwa asilimia 9.9 ya waajiriwa wote. Mwaka 1966 Carroll Daugherty, profesa wa Chuo Kikuu cha Northwestern, aliyagawanya maneno hayo katika maswali saba, na yanayonisumbua mimi mara nyingi ni mawili: je, uchunguzi ulifanywa kwa haki kabla ya adhabu, na je, wengine waliofanya kosa lilelile walitendewa vivyo hivyo?

Dereva mmoja wa folklifti, lile gari dogo la kunyanyulia mizigo maghalani, alifukuzwa baada ya miaka kumi na moja ya kazi. Siku ya Jumatano mnyororo wa kunyanyulia ulikatika na mzigo ukaanguka. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Fomu ya ukaguzi ya asubuhi ilikuwa na saini yake, ikionyesha kwamba amekagua breki, mnyororo na mafuta, ilhali kamera ilimwonyesha akipanda na kuondoka moja kwa moja. Mwajiri alimfukuza kwa kughushi kumbukumbu za usalama. Katika mashauri ya nidhamu mwajiri ndiye anayeanza, kwa sababu ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha, na wakili wake alithibitisha kila kitu kabla ya chakula cha mchana. Dereva mwenyewe alikiri. Msimamizi wake alitoa ushahidi kwa sauti ya huzuni kwamba aliziamini fomu hizo na kuzisaini kila asubuhi kwa nia njema.

Wakati wa mapumziko nilibaki mezani na kielelezo cha mwajiri, fungu la fomu za wiki nzima, nakala halisi. Kwenye fomu ya Jumatatu palikuwa na alama ya mviringo ya kikombe cha kahawa. Niligeuza ya Jumanne, alama ilikuwa palepale, imefifia kidogo. Ya Jumatano, imefifia zaidi. Nikaendelea kuifuata alama hiyo bila sababu, kama mtu anavyofuata ufa ukutani, mpaka Alhamisi na Ijumaa, na hapo nikaona jambo ambalo hakuna aliyelizungumza. Gari lile lilitolewa kazini Jumatano, na dereva alisimamishwa siku hiyohiyo. Fomu za Alhamisi na Ijumaa hazikupaswa kuwa na saini ya mtu yeyote. Zilikuwa na saini ya msimamizi.

Tuliporudi nilimwomba msimamizi akae tena kwenye kiti cha shahidi, nikamwonyesha fomu ya Ijumaa na kumuuliza aliisaini lini. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akamtazama wakili wa kampuni, kisha akaitazama meza. "Jumatatu," alisema. "Tulikuwa tunasaini zote Jumatatu. Wote."

Msimamizi hakuwahi kupewa hata onyo. Niliamua kwamba dereva alitenda kosa, na kwamba kosa lenyewe si dogo, kwa kuwa fomu ile ipo ili watu wasifunikwe na mizigo; lakini mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa tabia ambayo wakala wake aliifundisha, akaishiriki, na kubaki na kazi yake. Niliagiza arudishwe kazini na cheo chake cha zamani, bila malimbikizo ya mshahara, ili miezi saba aliyokaa nje ihesabiwe kuwa ndiyo adhabu yake. Wapo wanaosema kwamba uamuzi wa namna hii ni mwamuzi kukata mkate katikati ili asiudhi yeyote. Nimewahi kuona maamuzi yanayostahili lawama hiyo. Hili halikuwa hivyo, na njia pekee ya kulionyesha ilikuwa kuandika kila hatua, mshahara wa miezi saba umepotea kwa sababu gani na kazi imerudi kwa sababu gani, kwa lugha ambayo dereva angeisoma mwenyewe mezani kwake bila kumwita wakili. Niliandika aya hizo mara tano. Kanuni zinanipa siku 60 tangu kumbukumbu za shauri kufungwa, na nilizitumia karibu zote.

Kuna jambo moja nisingependa lipite. Siku hizi kampuni nyingi humpa mwajiriwa mpya karatasi siku ya kwanza, aisaini kwamba madai yake yote yatapelekwa kwa mwamuzi badala ya mahakama. Sheria ya mwaka 1925 iliyotungwa ili kulinda mapatano ya uamuzi, na ambayo wakati huo ilifikiriwa zaidi kwa ajili ya wafanyabiashara, imetafsiriwa na mahakama mpaka ikafunika mikataba hiyo, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikaruhusu mwajiri amlazimishe kila mtu aende peke yake, bila kuungana na wenzake. Mwaka 2022 Bunge liliyaondoa madai ya unyanyasaji wa kingono katika ulazima huo, na lilifanya vyema. Kazi hiyo nayo inaitwa uamuzi, na anayeifanya anaitwa mwamuzi kama mimi, lakini mimi siipokei. Katika mkataba wa hali bora kuna pande mbili zilizokaa mezani na kila moja ikiwa na kitu cha kukataa. Katika karatasi ya siku ya kwanza kuna mtu mmoja aliyeandika na mwingine anayehitaji kazi. Ninaifundisha darasani katika sura ya mikataba ambayo upande mmoja hauna nafasi ya kubadilisha hata neno, na huko ndiko mahali pake.

Miaka tisa baada ya uamuzi wa kengele, jina langu lilibaki la mwisho katika orodha ya kiwanda kilekile. Safari hii mgogoro ulihusu nani alistahili kupandishwa cheo. Niliwaandikia wote wawili kuwakumbusha kwamba niliwahi kuamua shauri lao, wakajibu kwamba wanajua, niendelee. Siku ya kusikiliza, mkataba wa hali bora uliwekwa mezani kama kielelezo cha kwanza cha pamoja, ndivyo inavyofanyika siku zote, nami nikaufungua kutafuta kifungu cha vyeo. Kabla sijakifikia nilikutana na kingine, ambacho hakikuwepo zamani: dakika kumi za mwisho za kila zamu katika kitengo cha rangi zitakuwa za kunawa, na zitalipwa kama muda wa kazi.

Mchana tulikwenda kukikagua kiwanda. Mwakilishi wa chama alikuwa mama mwenye mvi aliyepaka rangi vipuri pale kwa zaidi ya miaka ishirini. Mbele ya mawakili wote wawili nilimuuliza kifungu kile kilipatikanaje.

"Katika mazungumzo yaliyofuata uamuzi wako," alisema. Hakuwa na hasira. Alinieleza kama mtu anavyomweleza mgeni njia. "Tulikidai, wakasema kina bei. Tukawaachia siku moja ya likizo ya mwaka. Kila mtu, siku moja, kila mwaka."

Ilikuwa imebaki kidogo kufika saa tisa alasiri. Kengele ikalia, watu wakaanza kuacha mashine na kuja upande wetu kuelekea kwenye masinki, na sisi, mawakili wawili, yule mama na mimi, tukasogea ukutani kuwapisha.